Mama Mkwe wa Dawati la Nyuma

Mtu akikwambia mimi ni mtoro wa shule, mlete kwangu anieleze vizuri. Nauza wali na maharage hapa Shelui, kando ya barabara wanapoegesha malori yanayokwenda Nzega, na siku za darasa nabandika maharage mapema kuliko watu wote, ili saa tisa alasiri sufuria ziwe zimeoshwa na mimi nimeshika daftari. Mvua ya Januari ilininyeshea njiani, nikafika. Jino liliniuma wiki nzima, nikafika na shavu limevimba kama nimeficha andazi. Sasa fikiria siku niliyokuta jina langu kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, limepigwa mstari mwekundu, na pembeni pameandikwa MTORO. Nilikasirika mpaka nikasahau kufunga mwavuli, nikaingia nao ndani.

Darasa lenyewe ni la watu wazima tuliopitwa na sekondari. Tunakutana saa kumi jioni katika chumba cha shule ya msingi, watu wanane, kwenye madawati ya watoto yanayotulazimisha kukaa upande upande. Ili uandikishwe kufanya mtihani ni lazima uwe umehudhuria walau siku tatu katika kila nne. Anayesimamia hilo ni Melkiori, mkuu wa kituo, aliyekulia Morogoro na kuletwa kwetu na uhamisho. Melkiori ni mtu wa karatasi. Ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza imeandikwa wapi.

Nina miaka hamsini na moja. Nilipomaliza darasa la saba, mwalimu mkuu alisoma mbele ya wazazi majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari, na langu lilikuwa la pili. Baba akasimama akasema huyo msihangaike naye, ameshapata mchumba. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa na miaka kumi na minne na makofi yale yananikera mpaka leo. Mume aliyenioa alikuwa mtu mwema, sina neno naye. Tulizaa, tukalima, akatangulia. Lakini mtihani huu nautaka. Sitafuti kazi wala cheo. Nautaka kwa sababu ulikuwa wangu.

Mwanzoni tulifundishwa Kiingereza na mwalimu Benson, na mambo yalikwenda sawa. Kila jioni aliita majina, mimi naitika "Present, sir," anaweka alama, tunaendelea. Mwezi wa tisa Benson akahamishiwa Mkalama. Oktoba tukaambiwa mwalimu mpya anakuja leo. Tukakaa tukisubiri. Mlango ukafunguliwa, nikaona viatu vyeusi vyenye soli iliyoliwa upande wa kulia. Viatu vile navijua. Ni vya Fredrick, mume wa binti yangu Winfrida.

Labda kwenu jambo hili ni dogo. Katika ukoo wetu, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni, hawali pamoja, na jina la mama mkwe halipiti mdomoni mwa mkwe hata kwa bahati mbaya. Si ugomvi, ni heshima. Fredrick nilimheshimu kiasi kwamba kwa miaka minne ya ndoa yao nilimjua kwa viatu tu. Akija nyumbani mimi niko jikoni. Salamu zake anampa Winfrida, naye ananiletea jikoni kama anavyoniletea chumvi, na mimi namrudishia marahaba hivyo hivyo. Jambo hili huisha siku wazee wa pande mbili wakikaa na mbuzi akachinjwa. Lakini wazee wetu wanasubiri neno la shemeji yangu Nathanaeli, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, na Nathanaeli ni bingwa wa kuahirisha.

Siku ile Fredrick aliniona, akageuka haraka ili atoke, akajigonga kwenye mlango aliokuwa ameufunga mwenyewe. Mimi nikajifunika khanga mpaka puani. Kisha nikasikia hatua zake zinarudi, zinapita pembeni kabisa ya ukuta, zinafika ubaoni, na hapo zikasimama. Mwalimu mwingine hakuwepo Shelui nzima. Yeye alilijua hilo, na mimi nililijua.

Tukatafuta namna ya kuishi. Mimi nilihamia dawati la nyuma kabisa, nyuma ya mgongo wa Antipasi, fundi wa malori, ambaye mgongo wake unaweza kuficha watu wawili. Fredrick naye alifundisha ameelekea ubaoni, saa nzima, hageuki. Ukimwuliza yeyote katika darasa letu sura ya mwalimu ikoje hataweza kukueleza vizuri, lakini kisogo chake tunakijua mpaka alama ya kidonda cha utotoni.

Nikiwa na swali nilimnong'oneza Klara, mshona nguo anayekaa kando yangu, naye akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kuna mtu anauliza."

"Anauliza nini huyo mtu?" Fredrick aliuambia ubao.

"Anauliza kwa nini kwenye 'know' wanaandika k halafu hawaisomi."

"Mwambie huyo mtu hata mimi nilijiuliza."

Klara alinigeukia akaniambia neno kwa neno, kama vile mimi nilikuwa Kiomboi na yeye ameshika simu.

Tabu ilikuwa kwenye kuita majina. Daftari la mahudhurio limepangwa kwa herufi, na mimi Yustina niko mwisho kabisa. Fredrick aliita Antipasi, akaita Evodia, akaita Klara na wengine, akaita Miraji, na akifika kwangu anakohoa. Nilijua kikohozi kile ndicho jina langu. Nilikuwa naitika kimoyomoyo. Hakuna aliyefikiri kuwa kalamu yake nayo inakohoa.

Sasa nieleze siku ya wingi wa majina ambatani, maana siku hiyo nilimpenda mkwe wangu.

Fredrick alieleza kwamba Waingereza wana majina yaliyoundwa kwa maneno mawili matatu yaliyounganishwa kwa vistari, na ukitaka wingi wake usikimbilie kubandika s mwishoni kama mtu anayepiga muhuri. Tafuta kwanza mwenye jina ni nani katika msafara huo, umpe yeye. Mpita njia ni "passer-by". Wakiwa wengi ni "passers-by", kwa sababu wanaoongezeka ni wapitaji. Amiri jeshi mkuu ni "commander-in-chief", na wakiwa wengi wanakuwa "commanders-in-chief", ingawa alisema nchi yenye wengi namna hiyo ni heri uihame. Na kama ndani ya jina hakuna mtu wala kitu cha kupewa, basi s inakwenda mwishoni tu, kama "grown-ups", ambao ni sisi.

Nilifurahi. Jambo lilikuwa na akili yake. Kwa Kiswahili watu wanatangulia mbele, unabadilisha kichwa na mkia unafuata; nao Waingereza kumbe mahali fulani wanafanya hivyo hivyo, ila wanaona aibu kusema.

Halafu akaanza kuandika majina ya ukwe. Aliandika "father-in-law", akaandika "brother-in-law", akaandika "sister-in-law", akaandika "son-in-law" kwa herufi ndogo sana, akapiga mstari chini na kupangusa mikono.

"Mwalimu," alisema Antipasi, ambaye ana sauti ya mtu aliyezoea kuongea injini ikiwa inanguruma, "kwenye kitabu namba nne umeiruka."

"Namba nne mtaisoma nyumbani."

"Mbona fupi tu? Ngoja niwasomee. MOTHER-IN-LAW!"

Chaki ikaanguka. Niliisikia ikiviringika mpaka chini ya dawati la Evodia. Masikio ya Fredrick yalikuwa yametulia kama ya sungura aliyesikia mbwa.

"Maana yake mama katika sheria," Antipasi aliendelea kutusaidia. "Sasa wingi wake mwalimu, s anapewa mama au inapewa sheria?"

Nilimwonea huruma kijana wa watu. Akikataa kujibu ameshindwa kazi, akijibu ananitaja mimi nikiwa nimekaa hapo hapo. Nikaona nimwokoe, nikamvuta Klara kwenye sikio.

"Mwalimu," Klara akasema, "kuna mtu anasema anapewa mama. Sheria ni ile ile moja, haiongezeki."

"Mwambie huyo mtu amepata," Fredrick akasema, na nilisikia pumzi zikimtoka. "Mwambie amepata kabisa."

"Na anauliza tena, hivi mwanamume mmoja anaweza kuwa nao wengi hao?"

Fredrick, bado ameangalia ubao, akasema polepole, "Mwambie mmoja anatosha. Hasa akiwa anafanya mazoezi yake yote ya nyumbani."

Darasa lilicheka mpaka Antipasi akapiga dawati, na mimi nilicheka ndani ya khanga mpaka machozi yakanitoka. Miaka minne, na huo ndio ulikuwa utani wa kwanza kati yetu. Nilirudi nyumbani nikampelekea Winfrida kuku. Akaniuliza wa nini, nikamwambia kula na mwenzio, usiulize.

Basi ndiyo sababu ile karatasi ya mlangoni iliniuma zaidi. Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Melkiori na mwavuli wangu wazi.

"Mimi ni mtoro?"

"Karibu, mama. Funga mwavuli kwanza." Akafungua daftari, akaligeuza nilione. Mbele ya jina langu palikuwa na alama za Benson mpaka Septemba, na kutoka Oktoba palikuwa peupe, miezi mitano. Fredrick aliweka alama pale tu anapoita jina na kuitikiwa, ndivyo walivyofundishwa. Na jina asiloliita hakuthubutu hata kulisogezea kalamu.

Mstari wa juu yangu ulikuwa wa Miraji, mwenye duka la vipuri. Miraji tunamwona mara mbili kwa mwezi, akikumbuka. Lakini Antipasi ni rafiki yake na humwitikia kwa sauti nzito kidogo, kwa hiyo tangu Oktoba Miraji alikuwa na alama zote, hata siku aliyokuwa Nzega kununua mzigo. Nilitazama mistari ile miwili nikahisi kupiga mtu.

Nilimweleza Melkiori habari ya ukwe tangu mwanzo. Alisikiliza vizuri, tena akanipa kiti.

"Nimekuelewa, mama. Ila mimi natakiwa kupeleka orodha Ijumaa. Siwezi kuandika kwamba mtu alikuwepo ila alikuwa mkwe." Akafikiri. "Nitafanya hivi. Ijumaa nitakuja darasani. Mwalimu aite majina mbele yangu, na wewe akuite. Akiita, ukaitika, akathibitisha kwa mdomo wake kwamba ulikuwa unakuja, narekebisha daftari."

"Asome Klara basi."

"Klara si mwalimu."

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa shemeji Nathanaeli. Nilimkuta anapalilia alizeti, akaegemea jembe kwa furaha, maana anapenda sana kuulizwa. Nilimwomba wazee wakae Alhamisi. Akacheka.

"Shemeji, Alhamisi? Watu wako mashambani. Haya ni mambo ya baada ya mavuno. Tutakaa mwezi wa saba. Au wa nane."

"Na akinitaja kabla?"

"Akutaje?" Uso ulimbadilika. "Atakuwa amekuvua nguo mbele za watu. Atatoa mtamba wa faini. Na huyo mtamba hafuti aibu, anaipunguza tu."

Fredrick ana mtamba mmoja. Alimnunua akiwa bado ndama, anampa pumba kwa mkono wake, na Winfrida huwa anasema siku akizaa watoto wao watakunywa maziwa ya nyumbani. Nilirudi njia nzima nikihesabu, nikaona hakuna pa kutokea. Alhamisi usiku Winfrida alikuja kwangu macho yamemvimba.

"Mama, Fred hajala toka juzi. Anasema akikuita anakudharau, asipokuita anakudhulumu. Mama, si uache tu? Una wajukuu. Kiingereza utamwongelesha nani?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mimi niliachishwa mara moja kwa ajili ya ndoa yangu, na sasa naachishwa kwa ajili ya ndoa yake. Akalia. Na mimi nililia alipoondoka, kwa sababu mtoto hakuwa na kosa, na kwa sababu nilijua nitafanya nini.

Ijumaa nilikwenda mapema. Nilikuwa nimeamua. Nitakaa mpaka wafike kwenye jina langu, nitasimama, nitamwambia Melkiori nimejiondoa mwenyewe, nitoke. Mtamba abaki zizini, na kijana abaki na heshima yake. Nilivaa khanga mpya, maana kama ni kuondoka sikutaka kuondoka kama mtoro.

Melkiori alikuja na kalamu mbili, nyekundu na ya bluu, akakaa mbele. Fredrick akasimama ameelekea ubaoni kama kawaida, daftari mikononi.

"Antipasi."

"Present, sir!"

"Evodia."

"Present, sir."

"Klara."

"Present, sir."

Akaita na wengine, akafika karibu na mwisho.

"Miraji."

"Present, sir!" ikatoka sauti nzito, kwa mazoea. Melkiori akainua kichwa, akamtazama Antipasi aliyekuwa ameshaitika mara moja, akamtazama muda mrefu. Antipasi akainama akaanza kufunga kamba za kiatu, na alikuwa amevaa kandambili. Kalamu nyekundu ikafanya kazi. Watu walicheka, lakini kidogo, kwa sababu aliyebaki nilikuwa mimi.

Fredrick akakohoa.

Melkiori akasubiri. Nje lori lilipita, likaisha. Fredrick akakohoa tena, na safari hii kikohozi kilikwama katikati. Jasho lilikuwa limelowesha kola yake yote ya nyuma. Nikaona inatosha. Nilikusanya daftari na kalamu yangu, nikasimama, nikasema, "Mkuu, mwacheni kijana. Mimi naondoka mwenyewe." Nikaanza kutembea kuelekea mlangoni, nimeinamisha macho sakafuni.

Nilikuwa nimebakiza hatua mbili.

"Yustina Msengi."

Alilisema kwa nguvu, kwa ubao, kila herufi mahali pake. Klara akashika mdomo. Mimi nilisimama. Lile neno la kuitikia nilikuwa nalo, nimelifanyia mazoezi jikoni miezi mitano nikigeuza maharage, lakini halikutoka. Nilibaki nimeshika fremu ya mlango, machozi yananimwagikia kwenye khanga mpya, na watu wote wananitazama isipokuwa mmoja.

"Haitiki," Melkiori akasema. Akabadilisha kalamu, sikuona alichukua ipi. "Mwalimu, huyu mtu yupo au hayupo?"

"Yupo," Fredrick akauambia ubao. "Toka Oktoba hajakosa hata siku moja. Andika, mkuu. Na mtamba nitamtoa."

Nikarudi, nikipita mbele ya Melkiori nikaona ni kalamu ya bluu inayoandika, nikakaa kwenye dawati langu, nikafungua daftari.